John MacGregor: Aliyeokolewa Motoni Baharini Akalipa Deni kwa Kafi

KWETU sisi watu wa pwani, mtu kuingia peke yake katika kihori, akashika kafi lake na kuvuka mkono wa bahari si habari ya kutiwa gazetini. Mvuvi hufanya hivyo kila alfajiri, na mwanawe huanza kujifunza kazi hiyo kabla hajahitimu juzuu ya Amma. Ulaya mambo hayakuwa hivyo. Mpaka katikati ya karne ya 19, muungwana wa Kiingereza aliyetaka kwenda majini kwa kujifurahisha alipanda mashua ya tanga yenye mabaharia wa kumtumikia, au aliketi na wenzake wakavuta makasia huku wameyapa kisogo maji waendako. Mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja ulihesabiwa kuwa chombo cha watu wa mbali, wa nchi za barafu na misitu, usiomfaa mtu wa mjini.

Aliyeigeuza fikira hiyo ni wakili mmoja mwenye asili ya Scotland, jina lake John MacGregor. Leo mito ya milimani huko Ulaya, yenye maji ya kasi na mandhari ya kupendeza, hupitiwa na vijana kwa maelfu wakiwa na vihori vyao, na mashindano ya vyombo hivyo yamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1936. Wengi wa vijana hao hawalijui jina lake. Na hata katika wale walijuao, ni wachache wajuao mapato ya safari zake yalikwenda wapi, na kwa nini. Ili kuyafahamu hayo yatupasa tuanze na moto uliowaka katikati ya bahari.

MERIKEBU YA KENT

MacGregor alizaliwa Gravesend, mji ulio kando ya mto Thames, tarehe 24 Januari 1825. Baba yake, Duncan MacGregor, alikuwa meja katika jeshi la Kiingereza, kikosi cha 31, na kikosi hicho kilikuwa kimeamriwa kwenda Bara Hindi. Mtoto alipokuwa na umri wa wiki tano tu, wazazi wake walikuwa tayari wamo baharini naye, ndani ya merikebu kubwa iitwayo Kent. Abiria na mabaharia kwa jumla walizidi 600: askari, wake zao, na watoto wengi wadogo.

Tarehe 1 Machi walikuwa katika Ghuba ya Biscay, na bahari imechafuka vibaya sana. Ofisa mmoja aliteremka chini ya chombo na taa mkononi, kutazama kama mapipa ya pombe yamekaa imara. Merikebu ikalala upande ghafla, taa ikamponyoka, pipa likapasuka, na pombe ile ikashika moto. Nahodha akaamuru milango ya chini ifunguliwe ili maji ya bahari yaingie na kuuzuia moto usiifikie baruti. Basi watu wale wakawa kati ya maangamizi mawili, kuungua na kuzama, na hakuna chombo kilichoonekana upeo wa macho.

Meja MacGregor, akiamini kwamba saa yao imefika, aliandika maneno machache ya kuaga, akayatia katika chupa, na chupa ikaishia baharini. Lakini ajali yao ilikuwa haijafika. Merikebu ndogo, Cambria, iliyokuwa ikiwapeleka wachimba madini Mexico, iliuona moshi ikageuza omo lake kuwafuata. Mashua ya kwanza iliyoshushwa ilichukua wanawake na watoto, na miongoni mwao mama MacGregor na kitoto chake kifuani. Husimuliwa kwamba mashua ilipofika ubavuni mwa Cambria, mawimbi yakiipandisha na kuishusha, wa kwanza kupokewa juu alikuwa kitoto hicho.

Watu zaidi ya 500 waliokoka siku ile, na makumi ya wengine walikufa maji au kwa moto. Usiku baruti ililipuka na Kent ikatoweka. Mwaka uliofuata, 1826, ile chupa ya Meja iliokotwa pwani ya kisiwa cha Barbados, ng'ambo ya pili ya Atlantiki, na maandishi yamo ndani yakiwa salama.

Mtoto huyu alikua akisimuliwa kisa hicho tangu alipoanza kufahamu maneno. Alijua kwamba uhai wake ulikuwa zawadi aliyopewa na watu asiowajua, waliohatarisha nafsi zao kwa ajili yake. Mtu aweza kupewa zawadi kama hiyo akaisahau. MacGregor hakuisahau.

WATOTO WA VIATU

Alisoma Dublin, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada yake mwaka 1847 akiwa hodari wa hesabu. Mwaka 1851 alikubaliwa kuwa wakili mjini London. Familia yake ilikuwa na uwezo, na angaliweza kuishi kwa raha bila ya kujishughulisha na mtu. Lakini London ya siku zile ilijaa watoto wasio na wazazi wala makao, waliolala chini ya madaraja, na zilikuwapo shule za bure zilizofunguliwa kwa ajili ya maskini hao. MacGregor aliingia katika kazi hiyo kwa nguvu zake zote.

Mwaka huo wa 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa ya biashara mjini, na wageni walimiminika kutoka kila nchi. Yeye na wenzake waliona mlango wa riziki. Wakawakusanya wavulana wa mitaani, wakawavika mavazi rasmi, wakawapa brashi na rangi, wakawaweka penye njia kuu kung'arisha viatu vya wapita njia. Pato liligawanywa kwa mpango: sehemu alichukua mtoto, sehemu iliendesha chama, na sehemu iliwekwa akiba kwa jina la mtoto mwenyewe. Mpango huo haukufa maonyesho yalipokwisha, bali uliendelea kwa miaka mingi na kuwatoa wavulana wengi barabarani.

MacGregor alikuwa pia Mprotestanti mwenye bidii kubwa ya kueneza dini yake, na kokote alikokwenda alichukua vijitabu vya kugawa. Msomaji wetu hatakuwa naye katika hilo, wala si lazima. Twalitaja kwa kuwa maisha ya mtu hayaelezwi nusu.

CHOMBO KIITWACHO ROB ROY

Alikuwa mpenda kulenga shabaha kwa bunduki, mpaka ajali ya treni ilipomjeruhi na kumwondoa katika mchezo huo. Hapo ndipo alipoyageukia maji. Miaka michache kabla alikuwa ametembea Marekani na Canada, akaona mitumbwi ya wenyeji wa huko. Pia alikijua chombo cha Wainuit wa kaskazini kiitwacho kayaki, kinachotengenezwa kwa ngozi ya sili iliyovutwa juu ya mbavu nyembamba na kufunikwa juu kote, isipokuwa tundu moja analoketi mwindaji. Haki yataka isemwe wazi kwamba akili ya chombo hicho ni ya Wainuit, waliokitumia tangu zama za mababu zao. Alichofanya MacGregor ni kukubali kujifunza kwao.

Mwaka 1865 mafundi wa Lambeth, London, walimjengea kihori cha mbao za mwaloni, na sitaha yake ya mwerezi. Urefu ulikuwa futi 15, upana inchi 28, kina inchi 9, na uzito ratili 80, yaani kama kilo 36. Kafi lake lilikuwa na urefu wa futi 7, lenye bapa pande zote mbili, hata mpigaji achote maji kulia na kushoto bila ya kubadilisha mkono. Palikuwa na mlingoti mdogo wa mwanzi na tanga la kutumia upepo ukiwa mzuri. Chombo akakiita Rob Roy, kwa jina la shujaa mashuhuri wa ukoo wa MacGregor aliyeishi zamani Scotland, na baadaye watu wakamwita yeye mwenyewe kwa jina hilo.

Faida za kihori hicho alizifafanua vizuri. Kwanza, mtu hutazama mbele aendako, akaliona jiwe kabla ya jiwe kumwona yeye. Pili, kwa kuwa chombo ni chepesi na hakitaki kina, chaweza kupita penye maji ya kufika kifundo cha mguu. Tatu, maji yakikatika, hubebwa kikawekwa juu ya gari la ng'ombe au ndani ya treni, kikapelekwa mto mwingine. Kwa njia hiyo mtu mmoja, na mfuko mmoja mdogo wa nguo, aweza kuvuka nchi nzima.

MTO WA SAMAKI WA MILIMANI

Mwishoni mwa Julai 1865 aliteremka mto Thames, akavuka bahari kwa meli hadi bara la Ulaya, akapita mto Meuse, mto Rhine na mto Main. Kisha akakipakia kihori katika treni, na baada ya treni katika gari la farasi, akaipanda milima yenye misonobari ya Black Forest kusini mwa Ujerumani. Akashuka Donaueschingen, mahali ambapo vijito viwili, Brigach na Breg, hukutana na mto Danube ukaanza kuitwa kwa jina lake.

Mtu aujuaye mto huo kwa ramani tu hudhani kwamba ni mpana popote, kama uonekanavyo Vienna au Budapest. Lakini pale mwanzoni ni mto mchanga. Maji yake ni safi hata mtu akaona changarawe za chini, na ni baridi kwa kuwa yametoka milimani. Hupita malishoni kwa upole, kisha huingia katika bonde jembamba karibu na Beuron, ambako majabali meupe ya chokaa husimama pande zote mbili kama kuta, na juu ya vilele vyake pana magofu ya ngome za kale. Katika maji kama hayo huishi samaki aitwaye trauti, mwenye madoadoa ubavuni, asiyependa maji ya joto wala ya tope. Sisi Kenya twamjua, kwani mwaka 1905 aliletwa kutoka Scotland akatiwa katika mito ya baridi ya milima ya Nyandarua.

Mto wa trauti ni mwalimu mkali kwa mpiga kafi. Baharini mtu husoma upepo na wimbi, lakini mtoni husoma ngozi ya maji. Palipo na jiwe lililozama, maji hufanya kibonge juu yake na mkunjo chini yake. Palipo na njia salama kati ya mawe mawili, maji hufanya ulimi mlaini wenye ncha ielekeayo chini. Mto ukipinda, kina huwa upande wa nje wa pindo, na upande wa ndani huwa mchanga na kokoto. Nyuma ya kila jiwe kubwa pana maji yaliyotulia yarudiayo nyuma. Hapo trauti hupumzika akingojea chakula kiletwe na mkondo, na hapo mpiga kafi naye hupumzika akichagua njia yake. Elimu hii MacGregor aliipata kwa kugonga mawe mara nyingi.

Tena palikuwa na vinu vya kusaga nafaka, na kila kinu na boma lake la kuzuia maji. Kila alipofika penye boma alishuka, akashika kamba ya omo, akakivuta kihori juu ya ukingo na kukitia maji upande wa pili. Wakata majani walitupa miundu yao wakaja mbio kumtazama mtu aliyekaa ndani ya chombo kilichofanana na samaki. Watoto walimfuata ukingoni. Vijijini alilaza Rob Roy katika mabanda ya nyasi, na asubuhi alikuta kijiji kizima kimekusanyika kumwona akiondoka.

Hatari kubwa aliikuta Uswisi, katika mto Reuss, karibu na mji wa Bremgarten. Huko mkondo hubanwa kati ya kingo, maji yakajirundika kuwa milima midogo inayosimama mahali pamoja bila ya kusogea. Kihori kilikuwa kimekwisha kushikwa na mkondo, na kurudi hakuwezekani. Rob Roy aliliingiza omo lake katika rundo la maji, na pigo likampata MacGregor kifuani na usoni. Alibaki amelishika kafi lake, akimwachia mkondo kazi ya kumtoa, naye akatoka ng'ambo akiwa hai. Kutoka hapo alipita mito Aar na Rhine, kisha mito ya Ufaransa, Moselle, Marne na Seine, mpaka Paris, akarejea Uingereza mnamo Oktoba. Alikuwa amesafiri kiasi cha maili 1,000.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1866, kikanunuliwa kwa wingi wa ajabu. Mwaka huo huo chama cha wapiga kafi kilianzishwa karibu na London, na mtoto wa Malkia, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alikuwa kiongozi wake wa heshima. MacGregor aliendelea na safari: Norway, Sweden na Denmark mwaka 1866, na mwaka 1867 alivuka peke yake mkono wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, kwenda na kurudi, katika mashua ndogo ya tanga. Kila safari ilizaa kitabu, na kila kitabu kilizaa mihadhara iliyojaza kumbi.

SHAM NA MTO URDUN

Safari iliyo karibu zaidi na nyoyo za wasomaji wetu ni ile ya 1868 na 1869. Alikipeleka kihori Misri, akapiga kafi katika mfereji wa Suez uliokuwa bado wachimbwa, kwani ulifunguliwa Novemba 1869, na pia katika Nili na Bahari ya Sham. Kisha alikwenda Beirut, akakipakia Rob Roy juu ya farasi na kuvuka milima ya Lebanon mpaka mto Barada. Huu ndio mto unaoinywesha Damascus na bustani zake kwa mifereji iliyochimbwa tangu zama za kale. Watu wa Sham walijaa ukingoni kukitazama chombo hicho kigeni.

Kutoka huko alizifuata chemchemi za mto Yordani, ambao Waarabu wauita Urdun, nao huanzia katika vijito vya Hasbani, Dan na Banias. Mto uliingia katika kinamasi kikubwa cha Hula, chenye mafunjo marefu kuliko mtu, na wanajiografia wa Ulaya hawakujua vyema wapita vipi humo ndani. Wenyeji walijua, kwani kinamasi hicho kilikuwa kwao: walifuga nyati-maji na kusuka mikeka kwa mafunjo yale. Walipomwona mgeni amewaingilia bila ya hodi ndani ya chombo wasichopata kukiona, walimzingira majini. Alipokataa kushuka walikiinua kihori, naye amekaa ndani, wakamchukua mabegani mpaka hemani kwa shekhe wao.

Hapo alitumia hekima iliyomwokoa. Alikuwa na kikopo kidogo cha chumvi nyeupe iliyosagwa laini. Shekhe alidhani ni sukari, akaonja. MacGregor naye akala hapo hapo, akamkumbusha kwamba sasa wamekula chumvi pamoja. Kila ajuaye ada za Waarabu ajua uzito wa jambo hilo. Baada ya mazungumzo marefu aliachiwa na kihori chake, akaendelea mpaka ziwa la Tabariya.

Tukiyasoma maelezo yake leo, twaona kiburi cha Mzungu wa zama zile pale anapowaeleza watu wa Hula. Hata hivyo ramani yake ya njia ya mto ndani ya mafunjo ilikuwa kazi ya kweli, na sasa imekuwa kumbukumbu, kwa sababu kinamasi hicho kilikaushwa katika miaka ya 1950, na ni sehemu ndogo tu iliyorudishiwa maji katika miaka ya 1990.

DENI LILIVYOLIPWA

Sasa twarudi katika swali la mapato. Faida ya vitabu na mihadhara MacGregor hakuila. Aliitoa sadaka, na miongoni mwa waliopewa mwanzo kabisa ni chama cha mashua za uokoaji, ambacho watu wake huingia baharini wakati wa dhoruba kuwatoa walio katika hatari, na chama cha kuwasaidia mabaharia waliovunjikiwa na vyombo pamoja na familia zao. Hapo ndipo maana ya maisha yake inapoonekana. Kitoto kilichopokewa juu ya Cambria kilikuwa kikiwanunulia wengine mashua ya kuwaendea.

Mwaka 1870 alichaguliwa katika baraza la kwanza la shule za London, akachaguliwa tena mwaka 1873, na huko alishughulikia elimu ya watoto wa maskini aliowajua tangu ujana wake. Mwaka huo wa 1873, akiwa na miaka 48, alimwoa Annie Caffin, binti wa jemadari wa majini. Miaka yake ya mwisho afya ilidhoofika, akahamia Boscombe, katika mji wa pwani wa Bournemouth, na huko akafariki tarehe 16 Julai 1892, akiwa na umri wa miaka 67.

Mchezo aliouanzisha umeenea kuliko alivyotazamia, na umekuwa na fedha nyingi, viwanda vyake na mabingwa wake. Vihori vya siku hizi ni vya plastiki, na vijana huviteremsha katika maporomoko ambayo Rob Roy wa mwaloni angalivunjika vipande. Mvuvi wetu atawatazama na kucheka, kwani kazi aifanyayo yeye kwa riziki wao huifanya kwa furaha. Lakini hata yeye atafahamu habari ya mtu aliyetolewa baharini na wenzake. Hapa pwani mtu huyo hulifahamu deni lake: siku mwingine atakapopiga ukelele kutoka majini, yeye ndiye wa kwanza kulishika kafi.